Wanafunzi wangu wa ufundi wamepoa: tatizo ni tabia zao au ni benchi?

Ndugu Mshauri,

Nafundisha ufungaji wa umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi stadi. Darasa langu la mwaka wa pili lina wanafunzi 24. Mwaka wa kwanza walikuwa wakifika karakana kabla yangu. Sasa ni kuwasukuma. Wanachelewa, kazi wanaifanya ilimradi imeisha, na ukimwuliza mtu anataka kuwa nani akipata cheti, anakujibu, "Chochote kitakachopatikana." Wengine wanasema waziwazi kwamba waliletwa ufundi kwa sababu alama za kwenda kwingine hazikutosha.

Nikiwatazama wanavyokaa, naona hivi. Benchi la nyuma lina vijana sita wasioachana, wanacheka kutwa, na kazi zao ndizo mbovu kuliko zote. Wasichana watatu wamegawanyika kwenye makundi ya wavulana, na kila nikipita wameshika kalamu na mchoro, si bisibisi. Kuna kijana aliyehamia katikati ya mwaka ambaye hana benchi lake. Anasimama pale penye nafasi. Waliobaki wanafanya kazi katika makundi ya watu watano au sita, maana vifaa havitoshi.

Uongozi ulileta mzungumzaji wa kuwatia ari. Walipiga makofi, kesho yake wakachelewa kama kawaida. Tukaweka zawadi ya mwanafunzi bora wa mwezi, nayo ikachukuliwa na mtu yuleyule mara zote huku wengine wakizidi kupoa. Mwenzangu ananiambia niache kujisumbua, sikio la kufa halisikii dawa.

Nimesoma kwamba mwanafunzi mwenye mahusiano mazuri chuoni hujituma zaidi. Lakini benchi langu la nyuma ndilo lenye urafiki wa kweli, na ndilo la mwisho darasani. Je, urafiki unasaidia au unaharibu? Na kweli ni kazi ya mwalimu wa karakana kuingilia nani anakaa na nani?

Mwalimu wa karakana

---

Mwalimu,

Nianze na huyo mwenzako. Watu 24 hawaharibiki tabia kwa pamoja, kila mmoja kwa wakati wake, halafu wakafikia kiwango kilekile cha ubaridi. Wakipoa kwa mkumbo, chanzo kitafute katika kile wanachoshiriki wote: makundi, vifaa, zawadi, na maneno waliyoambiwa kuhusu ufundi kabla hawajafika kwako.

Kuhusu swali lako la mwisho, ndiyo, ni kazi yako, na tayari unaifanya. Uliporuhusu makundi ya watu sita uliamua nani atashika bisibisi na nani atatazama. Hukukusudia, lakini uliamua.

"Mahusiano mazuri chuoni" ni maneno mapana mno kumsaidia mwalimu. Mwanafunzi wa ufundi ana mahusiano ya aina tatu, na kila moja lina kazi yake. Wenzake ndio wanaomfanya aje, maana mtu huamka mapema akijua kuna anayemngoja. Mwalimu ndiye anayemfanya aamini kwamba anaweza. Watu wa fani walio nje ya chuo, mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo, ndio wanaompa ndoto yenye umbo. Lile jibu la "chochote kitakachopatikana" ni la mtu ambaye hamjui hata mmoja wa hao wa tatu. Vijana wako wa nyuma wana uhusiano wa kwanza kwa wingi, wa pili kidogo, na wa tatu nadhani hawana. Ndiyo maana wanakuja, wanafurahi, na hawaendi popote.

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani, wanasema ari inayotoka ndani ya mtu hulishwa na mambo matatu: kuhisi unaweza, kuhisi una uamuzi katika unachofanya, na kuhisi una watu. Yule mzungumzaji hakugusa hata moja. Zawadi ya mwezi iligusa la kwanza kwa mwanafunzi mmoja, na kuwaambia 23 waliobaki kwamba hawawezi. Iondoe. Usitangaze kwamba umeiondoa, acha tu ipite mwezi bila kutolewa.

Sasa kazi yenyewe. Usianze kuhamisha watu kwa macho yako peke yake. Mwalimu huona nani anakaa na nani, lakini haoni nani anamtegemea nani. Kata karatasi ndogo, mpe kila mmoja, aandike jina lake juu, kisha maswali matatu, kila moja majina yasiyozidi matatu:

Ukikwama kwenye saketi, unamwuliza nani kwanza darasani?
Kazi ya wiki zijazo ungependa kuifanya na nani?
Nje ya chuo, ni nani anayefanya kazi ya umeme ambaye unaweza kumpigia simu leo?

Usiulize kamwe nani hampendi nani. Swali hilo linajeruhi, na majibu yake huvuja kabla ya jioni. Waambie ukweli wa matumizi yake: unapanga benchi upya na unataka kujua. Wasipoambiwa watadhani ni upelelezi wa nidhamu, na benchi la nyuma litaandika vichekesho. Kusanya mwenyewe, usimtume kiongozi wa darasa, na karatasi zisilale mezani.

Nyumbani, andika majina 24 kwenye karatasi kubwa na uchore mishale kutoka kwa anayetaja kwenda kwa anayetajwa. Njia hii ni ya zamani, daktari wa akili Jacob Moreno aliitumia tangu miaka ya 1930, na bado haijapitwa. Angalia mambo manne. Nani hana mshale hata mmoja unaomjia? Usishangae ukimkuta mtu mwingine tofauti na yule mhamiaji. Wapo wanaokaa katikati ya kundi na hakuna anayewahesabu. Nani amejaziwa mishale ya swali la kwanza? Huyo amechoka, na huenda ndiye anayechukua zawadi. Kundi gani mishale yake haitoki nje? Na swali la tatu limeachwa wazi na wangapi? Idadi hiyo iandike pembeni, ndiyo kipimo chako cha baadaye.

Halafu benchi. Watu watatu kwa kila benchi, benchi nane. Utasema vifaa havitoshi, lakini hesabu vizuri: katika kundi la sita wenye kazi mikononi ni wawili, wanne wanatazama. Ukiwa na seti nne tu za vifaa, benchi nne zifunge na kupima huku nne nyingine zikichora, zikipima urefu wa nyaya na kuandika orodha ya vifaa, kisha mbadilishane katikati ya kipindi. Ni bora nusu saa ya kushika kuliko saa nzima ya kutazama.

Kila benchi lina majukumu matatu: msomaji wa mchoro, mfungaji, na mpimaji. Sheria ni mbili. Mfungaji hapimi kazi yake mwenyewe, na mpimaji hagusi bisibisi. Majukumu yanazunguka kila kazi mpya, na mzunguko unaandikwa ubaoni kwa majina. Usiwaachie wapange wenyewe, kwa sababu wakiachiwa, wasichana watarudi kwenye kalamu ndani ya wiki moja, tena bila mtu yeyote kuwalazimisha. Mazoea yanatosha kufanya kazi hiyo.

Kazi ya kuanzia iwe ile ambayo mtu mmoja hawezi kuificha wala kuibeba peke yake. Saketi ya taa moja inayowashwa na swichi mbili, kama za juu na chini ya ngazi, inafaa sana. Kosa lake la kawaida ni kubadilisha tundu la waya wa pamoja na tundu la waya wa kuunganisha swichi kwa swichi. Matokeo yake taa inatii swichi moja pale tu nyingine inapokuwa upande fulani. Msomaji wa mchoro ndiye anayeweza kuligundua kosa hilo kwenye karatasi, mpimaji analigundua kwa multimita, yaani mita ya kupimia saketi, umeme ukiwa umezimwa, na mfungaji ndiye anayelirekebisha. Wote watatu wanahitajiana kwa sababu ya kazi yenyewe, bila hotuba ya ushirikiano. Elliot Aronson, mwanasaikolojia wa Marekani, alitumia wazo la namna hii mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas, zilipokuwa na uhasama wa rangi: kila mtoto alipewa kipande cha somo ambacho wenzake hawana. Watoto walianza kusikilizana kwa sababu walihitaji kusikilizana.

Makundi yakae pamoja wiki nne hadi sita. Ukibadilisha kila wiki hawajuani, ukiacha muhula mzima wanaganda.

Nani akae na nani? Hapa ndipo walimu wengi wanaharibu. Benchi la nyuma usilivunje mtu mmojammoja, utapata uasi. Wagawe wawiliwawili, kwa kuwachagua waliotajana kwenye swali la pili. Wa tatu wao awe mtu mtulivu mwenye marafiki zake kwenye benchi jirani. Asiwe mhamiaji, na asiwe mtu asiye na mshale, maana wawili waliozoeana wakiwa na mgeni, mgeni anakuwa mtumishi wao.

Wasichana watatu, mzunguko wa kwanza waweke benchi moja. Kuna watakaosema unawatenga. Wanachosahau ni kwamba kwa sasa wametengwa na vifaa, jambo ambalo ni baya zaidi, na benchini kwao hapatakuwa na mvulana wa kuachiwa bisibisi. Mzunguko wa pili, majukumu yakishakuwa desturi ya karakana nzima, watawanye. Ukiona kalamu zimerudi mikononi mwao, waunganishe tena wawili.

Mhamiaji usimweke na mwanafunzi bora. Tofauti ni kubwa mno na yule bora hana nafasi. Mweke na wawili wa kati, na zamu yake ya kwanza iwe ya mpimaji, ili wenzake wasiweze kuendelea bila yeye. Usimtambulishe mbele ya darasa kwa huruma. Kama chuo alichotoka walikuwa na namna tofauti ya kufanya jambo fulani, tuseme namna ya kupanga nyaya kwenye boksi la maungio, mwombe aionyeshe benchini kwake.

Turudi kwa lile benchi la nyuma, kwa sababu swali lako ni zuri kuliko ulivyolichukulia. Urafiki huongeza nguvu ya desturi ya kundi, iwe desturi yoyote. Kundi likiwa na desturi ya kujaribu, urafiki utamvuta mvivu. Likiwa na desturi ya "hatujali", urafiki utamvuta hata mwenye kipaji. Na kwa vijana walioambiwa wameingia ufundi kwa kukosa alama, "hatujali" ni kinga: asiyejaribu hawezi kuambiwa ameshindwa tena. Ukiwashambulia kwa uvivu wao unaiongezea kinga hiyo unene.

Inayoipunguza ni kuona mmoja wao akifaulu na bado akabaki wao. Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne: kufanya ukafaulu, kumwona mtu kama wewe akifaulu, kuambiwa na mtu unayemwamini, na hali ya mwili wako, kama vile wasiwasi. Chanzo cha pili kina neno la msingi, "kama wewe". Mwanafunzi bora wa mwezi si kama wao. Mwenzao aliyefunga saketi ikapita kipimo, huyo ni kama wao, mradi usimpandishe jukwaani. Ukimpandisha umemfanya msaliti.

Kwa hiyo badala ya kuwapanga kwa nafasi, weka kiwango. Kazi imepita au imerudi benchini, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Fani ya umeme inakupa bahati ambayo walimu wengi hawana: mita haina upendeleo. Kipimo cha ukinzani wa kihami, yaani kinachoonyesha kama ganda la nyaya linazuia umeme kuvuja, kwa saketi ya kawaida ya nyumba hufanywa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu (DC), umeme ukiwa umekatwa na balbu zimetolewa, na kiwango cha chini cha kimataifa ni megaomu 1. Kijana aliyezoea kudhani walimu wanamchukia akisoma namba hiyo mwenyewe, hana wa kubishana naye. Benchi nzima iweke saini kwenye karatasi ya kipimo. Kazi ikirudi, inarudi kwa wote watatu.

Uhusiano wako wewe nao hauhitaji muda mwingi, unahitaji muda uliopangwa. Dakika mbili kwa kila benchi kila kipindi, ni dakika 16 kwa jumla. Anzia benchi lililo mbali na meza yako. Tukijiachia tunaanza na tunaowapenda. Ukikosoa, sema mambo matatu kwa mfuatano: kiwango ni kipi, kwa nini unaamini atakifikia, na hatua inayofuata. Tuseme ameweka swichi kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya kwenye laivu (waya unaoleta umeme). "Umekosea tena" haimfundishi kitu. Mwambie: "Taa inazimika, lakini kishikilia balbu bado kina umeme, na atakayebadilisha balbu ataumia. Mchoro wako wa wiki iliyopita ulikuwa sahihi, kwa hiyo unajua njia. Fuatilia laivu kutoka kwenye breka kwa kidole, unionyeshe inapoingia kwenye swichi." Usimsifie kwa kisichostahili sifa. Vijana wa ufundi hutambua sifa ya bure haraka sana, na wanaisoma kama kudharauliwa.

Asiyekuja apate ujumbe siku hiyohiyo, tena bora utoke kwa mwenzake wa benchi: "Leo ulikuwa mpimaji, tumekwama." Swali la kwa nini hakuja likisubiri hadi kesho, ana kwa ana, hakuna kilichoharibika.

Bado ndoto zao. Jean Lave, mwanaanthropolojia, alipowachunguza mafundi cherehani wa Liberia aliona wanagenzi wanaanzia mwisho wa vazi: kushona vifungo na kukunja pindo, na kukata kitambaa kunakuja baadaye kabisa. Kazi ndogo, lakini ilikuwa kazi ya vazi halisi, na tangu mwanzo walimwona fundi mkuu, fundi wa kawaida na mwanagenzi aliyewatangulia kidogo. Njia nzima ilikuwa mbele ya macho yao. Wanafunzi wako wanaona ubao wa mazoezi unaofungwa na kufunguliwa, na mwalimu. Kati ya hapo walipo na maisha ya fundi hakuna mtu.

Jaza nafasi hiyo kwa wahitimu wa miaka miwili au mitatu iliyopita. Mkandarasi mkubwa mwache kwanza, yuko mbali mno kuigwa. Mwalike mmoja kila mwezi, dakika 40, hotuba marufuku. Aje na kitu cha kushika: breka iliyoungua, soketi iliyoyeyuka, picha za kazi aliyoirudia. Wanafunzi waandike maswali siku moja kabla, na manne yasikose: kazi ya kwanza uliipataje, siku yako ya kawaida ikoje, ulichokuwa hujui ni nini, na hatua inayofuata kwako ni ipi. Hilo la mwisho ndilo linalofungua ngazi: msaidizi, fundi, msimamizi, mkaguzi, mkandarasi anayejitegemea. Mwisho, aseme kama yuko tayari kupokea simu, na wanaotaka waandike namba yake. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza kwa nini habari za kazi mara nyingi hutoka kwa watu tunaofahamiana nao kwa mbali: marafiki wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Benchi la nyuma ni mfano kamili. Sita wanaojua jambo moja.

Mafunzo kazini nayo wapeleke wawiliwawili, na kabla hawajaondoka upate jina la mtu atakayewapokea. Jina la kampuni halitoshi. Mtembelee kila mmoja wiki ya kwanza, kwa sababu wiki hiyo ndiyo inayoamua kama atapewa zana au ufagio, na aliyepewa ufagio hatarudi na ndoto yoyote.

Kuna mambo ambayo haya yote hayatayatibu. Anayefanya kibarua usiku atasinzia kwenye benchi lolote. Anayeonewa au kunyanyaswa hahitaji kuhamishwa kundi, anahitaji taratibu za chuo zifuatwe mara moja, na anayehamishwa awe mkosaji. Pia achana na michezo ya kulazimisha watu wajuane kwa kusimulia siri zao. Wengi huaibika, na wapole ndio wanaoumia zaidi.

Wiki mbili za mwanzo karakana itakuwa na kelele na kazi zitachelewa. Usirudi nyuma hapo. Baada ya wiki nane rudia karatasi ile ya maswali matatu na ulinganishe: wasio na mshale wamepungua? Swali la tatu limejazwa na wangapi zaidi? Na ukiuliza wanataka kuwa nani, sikiliza kama jibu limepata maelezo. "Nataka kufunga mifumo ya sola kwa fundi yule aliyekuja" ni jibu la mtu aliyeamka, hata kama baadaye atabadilisha mawazo.

Vijana wa nyuma watakuomba warudishwe pamoja. Wakubalie mapumziko yote wawe pamoja, na kwenye mradi wa mwisho wa muhula warudi kama kundi, watatu kwa watatu, kwa majukumu yaleyale na karatasi ileile ya kipimo.

Mshauri